Paul Bomani na mizani ya pamba

Mkulima wa Sumbawanga aliyewahi kuuza mahindi kwa lumbesa angemwelewa haraka Paul Bomani (1925-2005). Kule Usukuma, wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakachagua wapimaji wao wenyewe, wasimame pale pale mzigo unapopimwa. Dawa rahisi, lakini iliwauma wanunuzi.

Bomani aliunganisha vikundi hivyo, akaenda Uingereza kusomea ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Shirikisho likamiliki hata vinu vya kuchambulia pamba. Mwaka 1960 aliteuliwa Waziri wa Kilimo.

Mwaka 1966 tume ya serikali ikachunguza vyama vya ushirika nchini. Ikakuta wizi na uongozi mbovu, safari hii ndani ya vyama vyenyewe.