Maisha ya Imamu Ghazali na Nduguye Ahmad

 Hii ni khabari ya Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hoja ya Uislamu, na ya nduguye Ahmad, na ya watu waliowalea wawili hao hata wakafika walikofika.

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, upande wa Uajemi. Baba yake alikuwa fakiri, akisokota sufu na kuiuza dukani kwake, wala hakula ila cha jasho la mkono wake. Hakujua kuandika. Lakini alikuwa akienda katika baraza za mafakihi, akiketi nao na kuwatumikia, na kidogo alichokuwa nacho akawapa. Akisikia maneno yao hulia, akamwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa fakihi. Na akihudhuria majlisi ya waadhi hulia vile vile, akaomba apewe mtoto atakayekuwa mwaidhi.

Mauti yalipomkaribia, wanawe wangali wadogo. Akamwita rafiki yake, mtu mwema wa njia ya masufi, akamwusia watoto. Akamwambia kwamba majuto yake makubwa ni kukosa khati, na kwamba lililompita yeye hataki liwapite wanawe. Basi awasomeshe, hata ikiwa mali yote aliyoiacha itamalizika katika kazi hiyo.

Sufi yule akaishika amana. Akawasomesha mpaka kile kidogo kikesha, na yeye mwenyewe ni masikini asiye na akiba. Mwingine hapo angaliwatoa watoto chuoni wakatafute kazi. Yeye hakufanya hivyo, wala hakuwaficha hali. Aliwaeleza wazi kwamba mali ya baba yao imekwisha na hana cha kuwapa. Basi waingie madrasa, wahesabiwe katika wanafunzi, wapate chakula chao. Kwani zama zile madrasa zilikuwa na waqfu, na mwanafunzi fakiri alilishwa kwa mali iliyotolewa na Waislamu. Wakaingia, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kupanda daraja yao. Imamu baadaye alikiri kwamba siku ile nia yao haikuwa safi, na kwamba ni elimu yenyewe iliyowageuza.

Ndugu hao waliingia kwa mlango mmoja, wakashika njia mbili. Abu Hamid alielekea fikihi. Akasoma Tus, kisha Jurjan, kisha Naisabur kwa Imamul-Haramain Al-Juwaini, akakaa naye mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Mwaka 484 (1091) Waziri Nidhamul-Mulki akamweka awe mwalimu wa madrasa ya Nidhamia, Baghdad, naye ni mtu wa miaka 34, akisomesha wanafunzi 300. Ahmad alipenda kuwatumikia masufi na kukaa faragha, kisha akawa mwaidhi mashuhuri, akizunguka miji. Dua mbili za msokota sufu zikapokewa, kila moja kwa mwanawe.

Lakini hesabu ya nia ilikuwa bado. Mwaka 488 (1095) Imamu alijihoji nafsi yake, akaona kwamba anasomesha kwa kutaka jaha na sifa. Muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, hata ulimi ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kisipite kooni. Matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipoigawa mali yake, isipokuwa ya kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad, akaenda Sham na Baitul-Mukaddas, kisha akahiji Makka. Aliyekaa mahali pake kusomesha Nidhamia ni Ahmad. Yule aliyeingia naye madrasa kwa ajili ya tonge ndiye aliyeubeba mzigo wake alipoutua.

Katika miaka ile ya faragha alitunga kitabu cha Ihyaa Ulumid-Din, na Ahmad akakifupisha ili kiwafikie wengi. Mwaka 499 (1106) Imamu alirudi kusomesha Naisabur kwa muda, kisha akarejea kwao Tus. Huko, kando ya nyumba yake, akajenga madrasa ya wanafunzi na ribati ya masufi. Yaani aliwawekea wengine yale mawili yaliyomlea yeye utotoni.

Akafariki Jumatatu, 14 Jamadilakhiri 505 (18 Desemba 1111). Ahmad ndiye aliyesimulia kwamba alfajiri ile nduguye alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyoosha miguu akaelekea kibla, akakata roho kabla ya kupambazuka. Ahmad naye alifariki Qazwin mwaka 520 (1126).

Sufi yule kisa chamtaja kwa wema wake tu, bila ya jina. Hakuwa na madrasa wala mali. Alikuwa na amana, akaitimiza, na ilipomshinda akawapeleka watoto pale Waislamu walipokwisha kuweka chakula na walimu. Kila aliyeachiwa yatima, na kila awezaye kutoa waqfu japo kidogo, ana sehemu katika kazi kama hiyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wanne. Amina.