Watu wa Miti na Maji ya Eldoret

Tangu Eldoret itawazwe kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, mazungumzo mengi yamehusu barabara, masoko na majengo ya ghorofa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza maji ya jiji hili yatatoka wapi miaka hamsini ijayo. Sehemu kubwa ya maji tunayoyanywa hutoka bwawa la Chebara, katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, ambako Mto Moiben hushuka kutoka milima ya Cherangany. Kwa maneno mengine, uhai wa jiji umo mikononi mwa watu na misitu iliyo nje ya mipaka yake. Yafaa basi tumkumbuke mtu aliyelitambua jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, naye ni Richard St. Barbe Baker.

Baker alizaliwa mwaka 1889 katika jimbo la Hampshire, Uingereza. Akiwa kijana alihamia Kanada, akasoma Saskatchewan. Huko aliona nyika zikifyekwa na kulimwa ili kupanda ngano, kisha upepo ukaupeperusha udongo uliokosa kinga. Mkaazi wa Uasin Gishu, ambako ngano ndiyo fahari ya mkulima, hana haja ya kuelezewa zaidi. Baada ya kupigana na kujeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Baker alisomea elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1920 akaletwa Kenya kuwa afisa wa misitu.

Aliikuta misitu ya nyanda za juu ikiangamia upesi. Walowezi walikuwa wakifyeka mashamba, nazo garimoshi zikila kuni. Waafrika nao, baada ya kusongamanishwa katika maeneo waliyotengewa, walilazimika kulima kila kipande kilichobaki. Serikali haikumpa fedha za kutosha kuotesha miche. Alipowaendea wazee wa Kikuyu, wakamjibu kwamba kupanda miti ni kazi ya Mungu. Baker hakuwabeza. Aligundua kuwa walikuwa na ngoma ya kupanda na ngoma ya kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Mnamo Julai 1922 ngoma hiyo ikachezwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walihudhuria, na 50 kati yao wakala kiapo cha kuilinda misitu ya asili na kupanda miti kumi kila mwaka. Mitarakwa na mizeituni mwitu ikapandwa katikati ya mahindi, ili mkulima ahamapo aache msitu nyuma yake.

Chama hicho kiliitwa Watu wa Miti. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kulichungua. Ile a-unganifu haisemi kwamba watu hao ni wenye miti. Kama vile watu wa pwani hawaimiliki pwani bali hutambulishwa nayo, ndivyo na watu wa miti walivyotambulishwa na kile walichowajibika kukitunza.

Inasimuliwa kuwa afisa mkubwa alipotaka kumpiga Mwafrika, Baker alijitia kati, pigo likampata yeye, na utumishi wake nchini haukudumu baada ya hapo. Alifanya kazi Nigeria, akawakutanisha viongozi wa dini mbalimbali Palestina mwaka 1929 kwa ajili ya miti, na mnamo 1952 na 1953 akavuka Sahara akihubiri ukanda wa miti wa kulizuia jangwa. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha mradi wa Ukuta Mkubwa wa Kijani wenye shabaha kama hiyo. Baker alifariki Saskatoon, Kanada, Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 92.

Tusimfanye mtakatifu. Aliitumikia serikali iliyowanyang'anya watu ardhi. Uwanda huu wa Uasin Gishu ulikuwa umegawiwa Makaburu waliofika na magari ya ng'ombe mwaka 1908, na sheria za misitu za enzi hiyo ziliwageuza wenyeji kuwa wavamizi katika nchi yao. Lakini ndani ya mfumo huo huo Baker aliona kwamba msitu hauhifadhiwi kwa bunduki, bali kwa agano na jirani yake.

Hilo bado hatujajifunza. Mapema mwaka 2014 jamii ya Sengwer ilifurushwa msituni Embobut, katika milima ya Cherangany, na nyumba zao zikateketezwa. Mwaka 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wake kwa mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Wakati huo huo tumetangaziwa azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya kitaifa ya upanzi. Miche si mibaya, ila mche usio na mlinzi ni kuni za kesho.

Maoni yangu ni kwamba mpango wa jiji hili uanzie kwenye chemchemi, wala si katikati ya mji. Serikali za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, ambazo tayari hukutana katika muungano wa kaunti za North Rift, ziandae mpango mmoja wa ardhi kwa kufuata mkondo wa maji kutoka Cherangany na Kaptagat hadi kingo za Sosiani. Kingo hizo zitengwe kabla hazijajengwa. Aidha, sehemu ya kila bili ya maji inayolipwa Eldoret irudi kwa jamii zinazoilinda misitu hiyo, na jamii hizo zikae mezani zikiwa washiriki, si washukiwa. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Haikusema ifanye hivyo kwa kuwafukuza walioitunza.