Montessori, daktari aliyewapigania watoto 'wazito'

Ukizunguka katikati ya Dar es Salaam, utaliona jina Montessori kwenye vibao vya shule za chekechea. Wengi wanadhani maana yake ni shule ya bei mbaya. Kumbe ni jina la mtu, na kazi yake ilianza na watoto waliokatiwa tamaa.

Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870. Mwaka 1896 alihitimu udaktari mjini Roma, wakati huo madaktari wanawake wakihesabika kwa vidole.

Akiwa kazini aliwakuta watoto wazito wa kuelewa wamefungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, hawana hata kitu cha kuchezea. Akaona kwamba hawa wanahitaji mwalimu kuliko dawa.

Mwaka 1900, yeye na daktari mwenzake Giuseppe Montesano walianza kuongoza shule ya kuwafundisha watoto hao na kuandaa walimu wao. Walifuata nyayo za Wafaransa wawili, Itard na Séguin: mtoto anapewa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha, huku mwalimu akimwangalia kwa makini.

Baadhi yao wakafaulu mitihani ya kusoma na kuandika kama wenzao wa shule za kawaida. Watu walishangaa. Yeye akajiuliza kingine: kama hawa wameweza, wale wa shule za kawaida wanakwamishwa na nini?

Ushirikiano ule haukudumu. Montessori alizaa na Montesano nje ya ndoa mwaka 1898, na mtoto, Mario, akalelewa na watu wengine. Wawili hao walipoachana, mama aliondoka shuleni.

Tarehe 6 Januari 1907 akafungua Nyumba ya Watoto San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma. Njia ile ile ikafanya kazi, ikasambaa duniani.

Baadaye Mario alirudi kwa mama yake. Kuanzia 1939 walikuwa pamoja India, wakiandaa masomo ya mimea na wanyama kwa watoto.

Montessori alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952, akiwa na miaka 81.

Wazo lake halihitaji ada kubwa. Maharage, shanga na mizani vyote vipo Kariakoo. Mtoto anayeitwa mzito darasani, mpe maharage apime, ahesabu, apande, aone yanavyochipua. Halafu mwangalie kabla hujamhukumu.