Lise Meitner: Aliyejisomea Hadi Kwenye Kiini cha Atomu

Kwa miaka mingi, watahiniwa wa Fizikia wa kidato cha nne nchini Kenya wamekutana na mada ya unururifu. Katika mada hiyo hutakiwa kueleza jinsi kiini kizito cha atomu kinavyopasuka kuwa viini viwili vyepesi na kuachilia nishati kubwa. Aghalabu hukariri maelezo hayo pasi na kujua kwamba mmoja wa watu wawili waliokuwa wa kwanza kuyatoa ni mwanamke, na kwamba mwanamke huyo nusura akose hata nafasi ya kufanya mtihani wa kumaliza shule. Jina lake ni Lise Meitner.

Meitner alizaliwa jijini Vienna, nchini Austria, mnamo Novemba 1878, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mtoto wa tatu miongoni mwa wanane. Babake, Philipp Meitner, alikuwa wakili aliyethamini elimu ya mabinti zake sawa na ya wanawe. Hata hivyo, sheria za wakati huo hazikumsaidia. Shule za umma za wasichana zilikoma wanapofikia umri wa miaka 14, na shule zilizowaandaa wanafunzi kwenda chuo kikuu zilikuwa za wavulana pekee. Kwa hivyo, mwaka wa 1892 masomo yake yalifikia kikomo, ingawa kiu yake ya hisabati na fizikia ilikuwa haijakatika.

Mwaka wa 1897 vyuo vikuu vya Austria vilianza kuwapokea wanawake, kwa sharti kwamba wafaulu mtihani uleule wa kumaliza shule waliofanya wavulana. Babake alimtaka kwanza apate cheti cha ualimu wa Kifaransa ili awe na njia ya kujikimu. Alipokipata, alianza kujiandaa kwa mtihani akifundishwa na walimu wa binafsi, akiwemo Arthur Szarvasy aliyemfunza fizikia. Masomo ambayo wavulana waliyapata kwa miaka minane, yeye aliyabana katika miaka miwili hivi: Kigiriki, Kilatini, historia, fasihi, hisabati, fizikia, mimea, wanyama na madini. Ndugu zake walimtania kwamba angeanguka mtihani kwa kuwa alikuwa amevuka chumba bila kitabu mkononi.

Mnamo Julai 1901 alitahiniwa katika shule ya wavulana jijini humo, mbele ya watahini asiowajua. Wasichana 14 walifanya mtihani huo. 4 tu walifaulu, naye akiwa mmoja wao. Inafaa ikumbukwe kwamba kiini cha atomu hakingeweza kuwamo katika mtihani ule. Unururifu ulikuwa umegunduliwa mwaka wa 1896, elektroni mwaka wa 1897, na kiini chenyewe kilisubiri hadi 1911. Katika Vienna ya siku hizo, wapo wasomi waliokuwa wangali wakibisha kwamba atomu zipo.

Katika Chuo Kikuu cha Vienna alifundishwa na Ludwig Boltzmann, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya atomu, na mwaka wa 1906 akatunukiwa shahada ya uzamifu katika fizikia. Mwaka uliofuata alihamia Berlin, ambako alianza kushirikiana na mwanakemia Otto Hahn. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika maabara za taasisi ile, hivyo alipewa nafasi katika chumba cha chini kilichokuwa karakana ya useremala. Alikubali, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnamo 1918 yeye na Hahn walitangaza ugunduzi wa elementi ya 91, protaktiniamu, na mwaka wa 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia nchini Ujerumani.

Mwaka wa 1933 utawala wa Hitler ulimnyang'anya haki ya kufundisha kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Aliendelea na utafiti, na ndiye aliyekuwa amemshawishi Hahn wachunguze kinachotokea uraniamu inapopigwa kwa nyutroni. Ujerumani ilipoimeza Austria mnamo Machi 1938, ulinzi wa uraia wake wa kigeni ukaisha. Julai mwaka huo alitoroka kwa treni hadi Uholanzi, kisha akapata hifadhi Uswidi. Alikuwa na umri wa miaka 59, na kazi ya miaka 31 aliiacha nyuma.

Mnamo Desemba 1938 Hahn alimwandikia barua. Yeye na Fritz Strassmann walikuwa wamepata bariamu katika uraniamu waliyoipiga kwa nyutroni, nao hawakuweza kueleza ilikotoka. Meitner alikuwa likizoni Kungälv pamoja na mpwa wake, mwanafizikia Otto Robert Frisch. Wakitembea kwenye theluji, walikifikiria kiini kama tone la maji linalorefuka, likabanika katikati na kukatika. Uraniamu ina protoni 92. Ukiondoa 56 za bariamu, zinabaki 36, ambazo ni za kriptoni. Meitner alikokotoa kwamba vipande hivyo ni vyepesi kuliko kiini cha awali kwa takriban moja ya tano ya uzito wa protoni. Uzito huo uliopotea hugeuka kuwa nishati ya takriban elektronivolti milioni 200.

Maelezo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Februari 1939. Tukio hilo jipya lilihitaji istilahi, na Frisch akaliazima neno ambalo wanabiolojia walilitumia kwa seli inayojigawa. Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua njia hiyo, kwani neno kiini nalo lilitoka kwenye yai likahamia kwenye atomu.

Meitner alialikwa kushiriki katika utengenezaji wa bomu la atomu, akakataa katakata. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1944 ilipotangazwa mwaka wa 1945, ilimwendea Hahn peke yake. Aliyejibu kwa haki maswali ya watahini wa Vienna hakupata alama zake kwa jibu kubwa kuliko yote aliyowahi kutoa.

Alifariki Cambridge, Uingereza, tarehe 27 Oktoba 1968. Mwaka wa 1997 elementi ya 109 ilipewa rasmi jina la meitneriamu. Tuzo alinyimwa, lakini jina lake sasa limo katika jedwali ambalo kila mtahiniwa wa sayansi hulisoma.