Dakta Rwangabo na Jani la Umuhengeri

Askari akiteguka mguu huku Gisenyi, huenda akakandwa uvimbe kwa majani. Je, jani ndilo liponyalo, au mguu hupona wenyewe? Maswali ya namna hiyo yalimshughulisha marehemu Dakta Pierre-Claver Rwangabo, mtaalamu wa dawa za asili wa Rwanda. Yeye na wenzake walikamua kiini cha majani ya umuhengeri, wakakijaribu juu ya bakteria na kuvu. Mwaka 1988 walitangaza dutu mpya yenye kuvidhuru vijidudu hivyo, wakaiita umuhengerini. Mwaka 1993 alitoa kitabu juu ya uganga wa jadi. Machi 1995, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Butare, aliviziwa njiani akauawa. Nasi twajifunza kwake: jani la wazee tusilidharau, wala tusimwekee mwenzetu jerahani kabla halijapimwa.