Mwana Kupona wa Siyu na Wimbo Aliomwachia Bintiye

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, yapata mwaka 1810. Ndiyo miaka aliyozaliwa Chopin huko Poland, wakati mabinti wa makabaila wa Ulaya walipofundishwa piano ili waburudishe wageni. Mwana Kupona hakuwa na piano. Alikuwa na utenzi, na kwao utenzi ni kitu cha kuimbwa: mizani minane kila mstari, mistari minne kila ubeti, na kina cha mwisho kinachorudi kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka msikilizaji akawa anakingoja. Wengi wetu tulimfahamu darasani, tukimsoma kimyakimya. Huko ni kumfahamu nusu tu.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mji huo ulikuwa na wanazuoni, wanakili wa Kurani, mafundi wa ngozi na wa panga, tena haukupenda kuamriwa. Sayyid Said wa Zanzibar alitaka uwe chini yake, Bwana Mataka akakataa, na majeshi ya Sultani yaliyopelekwa katikati ya miaka ya 1840 yakashindwa vibaya. Basi bibi huyu aliishi katika nyumba ya enzi, lakini enzi yenye vita mlangoni. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwaka huohuo Sayyid Said naye akafa baharini, akirejea kutoka Omani.

Mjane akabaki na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Kisha maradhi yakamshika, na mwaka ukatimia bila nafuu. Binti, Mwana Hashima, alikuwa amefikia umri wa kuolewa, na mama aliona kwamba huenda asiwepo siku hiyo. Hapo, mwaka 1858, akamwita akae karibu naye na wino na karatasi, akatunga beti 102.

Humo anamfundisha dini kwanza, kisha adabu, kisha kuishi na mume: kumpokea, kumtunza, kujipamba, kufukiza nyumba, kutafuta radhi yake baada ya radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Anatoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe, kwamba aliishi na Bwana Mataka kwa furaha bila ugomvi, naye akafa akiwa radhi naye. Wasomaji wa leo, hasa akina dada, hukunja uso wanapofika hapo, na hatuwalaumu. Sisi tungeongeza jingine: anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ustaarabu ule mzuri wa udi na marashi ulibebwa na mikono ya watu ambao utenzi hauwataji hata majina. Hilo tusilipitie haraka kwa sababu tu mashairi ni matamu.

Lakini tukiusoma kama orodha ya amri za ndoa tutakuwa tumeukosa. Sehemu ya mwisho ni sala. Mgonjwa anamlilia Mungu amponye, awalinde watoto wake, awakumbuke ndugu, jamaa na Waislamu wote. Anayeomba ni mama asiyekuwa na mume wa kuwakinga wanawe, na mji wake bado unatakiwa na Zanzibar.

Haukupita muda mrefu akafariki, na katika miaka ya 1860 Siyu ikaangukia mikononi mwa Sultani Majid, mwana wa Sayyid Said. Utenzi haukuanguka. Wanawake wa Lamu waliujifunza kwa moyo wakawafundisha binti zao, na nakala zikaandikwa kwa hati za Kiarabu, moja baada ya nyingine, mpaka Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kama kitabu mwaka 1934. Katika beti za mwisho mtunzi amejitaja mwenyewe: jina lake, jina la baba yake, Pate alikozaliwa, mwaka na idadi ya beti, ili anayenakili asipunguze hata mmoja.