Margaret Truman: Binti wa rais aliyeandika mauaji ndani ya Ikulu

Mwaka 1980 ilitoka nchini Marekani riwaya iliyozua mazungumzo mengi. Ndani yake, waziri wa mambo ya nje anakutwa amenyongwa katika White House, yaani Ikulu ya Marekani. Hakuuawa barabarani wala hotelini. Aliuawa sehemu ile ambako rais anaishi na familia yake, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Kwa hiyo muuaji ni lazima awe mmoja wa watu wachache wanaoruhusiwa kupita pale: wasaidizi wa rais, rafiki zake, au hata watu wa nyumbani mwake.

Jina lililokuwa juu ya jalada lilizidi kuwavuta watu. Margaret Truman alikuwa mtoto pekee wa Rais Harry Truman, na nyumba ile aliwahi kuishi. Wasikilizaji wetu wengi ni wapenzi wa hadithi za upelelezi, na leo tunawaletea maisha ya mama huyu, ambayo nayo yalikuwa na siri zake.

Margaret alizaliwa tarehe 17 Februari 1924 katika mji mdogo wa Independence, jimbo la Missouri. Baba yake aliwahi kulima shamba la familia, kisha akafungua duka la nguo za wanaume, likafilisika. Akaingia kwenye siasa za nyumbani, na mwaka 1934 akachaguliwa kuwa seneta. Tangu hapo familia ikawa na maisha ya huku na huko, muda fulani Washington, muda fulani Missouri.

Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt alifariki ghafla. Truman, ambaye alikuwa hajatimiza hata miezi 3 katika kiti cha makamu wa rais, aliapishwa jioni ile ile. Margaret alikuwa na miaka 21, bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Akajikuta anaishi Ikulu, huku walinzi wakimfuata kila aendako.

Yeye alitaka kuwa mwimbaji. Machi 1947 sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza nchi nzima, tena kupitia redio, akisindikizwa na okestra ya Detroit. Baada ya hapo alizunguka miji mbalimbali akiimba, na kumbi zikajaa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia kwa uhakika kama watu walikuja kusikia sauti au kumwona mtoto wa rais.

Nyumba yenyewe ilikuwa mbovu kuliko ilivyoonekana kwa nje. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka 1948 mguu wa piano ya Margaret ulitoboa sakafu ya chumba chake na kutokeza kwenye dari ya chumba cha chini. Mafundi walipokagua waliona kuwa jengo lingeweza kuporomoka. Familia ikahamishiwa Blair House, nyumba ya wageni wa serikali iliyo ng'ambo ya barabara, na White House ikajengwa upya kwa ndani hadi mwaka 1952.

Ni pale Blair House ambapo mauaji yalifika mlangoni kwao. Tarehe 1 Novemba 1950, wanaume wawili waliodai uhuru wa Puerto Rico walikwenda kumuua Rais Truman. Rais alikuwa amejipumzisha ghorofani. Risasi zilirindima nje, mlinzi mmoja aliyeitwa Leslie Coffelt akauawa, na mmoja wa washambuliaji naye akafa. Wa pili alihukumiwa kifo, lakini Truman mwenyewe alimpunguzia adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Mwezi mmoja baadaye, Desemba 1950, Margaret aliimba Washington. Kesho yake mhakiki wa muziki wa gazeti la Washington Post, Paul Hume, aliandika kwamba hakuimba vizuri. Truman alikuwa amefiwa na katibu wake wa habari, rafiki yake tangu shuleni, siku ile ile ya onyesho. Akiwa na uchungu huo, alimwandikia Hume barua ya matusi na kumtishia kipigo. Barua ikatangazwa. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wanakufa vitani Korea, na wazazi wengine walikasirika kuona rais anapigania wimbo wa binti yake. Mzee mmoja aliyepoteza mwanawe vitani alimrudishia rais nishani ya marehemu. Hapo tunaona jinsi wimbo wa msichana ulivyogeuka kuwa suala la taifa kwa sababu tu ya jina la baba yake.

Baba alipoondoka madarakani mwaka 1953, Margaret aliendelea na kazi, ikiwemo utangazaji wa redio. Mwaka 1956 aliolewa na Clifton Daniel, mwandishi wa habari wa New York Times, ambaye baadaye aliliongoza gazeti hilo kama mhariri. Walijaliwa watoto 4, wote wa kiume. Ukumbi wa muziki akauacha, akashika kalamu. Kitabu chake kuhusu maisha ya baba yake kilisomwa sana.

Mwaka 1986 akaandika juu ya mama yake, Bess, na humo akafichua jambo ambalo familia ililifunika kwa zaidi ya miaka 80. Babu yake mzaa mama alijiua kwa bastola mwaka 1903. Margaret alikuja kulijua akiwa mtu mzima, mwaka 1944, kwa kuambiwa na shangazi. Alipomuuliza baba yake, alikatazwa kwa ukali asithubutu kulitaja mbele ya mama. Mama alifariki mwaka 1982 bila kulizungumza naye.

Tukijua hilo, tunazielewa vizuri zaidi riwaya zake za mauaji. Baada ya ile ya White House zilifuata nyingine nyingi: mauaji Bungeni, Mahakama ya Juu, mtaa wa balozi, makao ya wapelelezi wa FBI, shirika la kijasusi la CIA, na kadhalika. Hadi anafariki zilikuwa zimepita 20. Anayekufa mara nyingi ni mtu mwenye cheo au aliye karibu na wenye vyeo. Anayechunguza analazimika kuwahoji watu waliozoea kuhoji wengine. Msomaji hudhani atakuta siri za serikali, lakini kila mara anakutana na tamaa, wivu na aibu za watu wanaokula meza moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Riwaya hizo nazo zilikuwa na fumbo lao. Majalada yalibeba jina la Margaret peke yake, lakini kwa miaka mingi watu wa vitabu walinong'ona kwamba alikuwa na mwandishi kivuli, yaani mtu anayeandika na jina likawa la mwingine. Aliyetajwa zaidi ni Donald Bain, mwandishi mzoefu wa hadithi za upelelezi. Margaret alipokwisha kufariki, riwaya ziliendelea kutoka kwa jina lake, na baadaye jina la Bain likaonekana wazi kwenye majalada. Kama mchango wa kila mmoja ulikuwa mkubwa kiasi gani, hilo lilibaki baina yao. Tunachokiona ni kwamba jina lilelile lililojaza kumbi za muziki ndilo lililouza vitabu, na swali ni lilelile: watu walifuata kazi au jina?

Mwaka 2000 ulimpa misiba miwili, mume wake na mmoja wa wanawe aliyegongwa na teksi jijini New York. Margaret alifariki Chicago tarehe 29 Januari 2008, akiwa na miaka 83. Tarehe kama hiyo, miaka 64 nyuma, akiwa binti wa seneta, ndiye aliyeizindua manowari Missouri, ambayo juu yake Japani ilitia saini kujisalimisha mwaka 1945. Alizikwa Independence, kando ya baba na mama yake, katika mji ambao siri ya babu ilianzia.